Birika Lililotoka Vizuri

Watu walimwita Bwana Vyombo, na yeye hakuchukia. Zamani alikuwa akipiga picha za harusi kama wenzake, mpaka watu wakamchosha. Bibi harusi mmoja alirudisha picha zote akidai pua ile si yake. Mzee mmoja alitaka apigwe akicheka, kisha akalalamika mbona ametoka anacheka. Shangazi wa mtu aliomba apunguzwe unene kidogo, na wifi yake aliyesimama pembeni aondolewe kabisa. Basi akaachana na watu, akageukia vitu: viatu vya dukani, mabomba ya maji, sufuria, viti. Aliyemuuliza sababu alijibiwa kwa utulivu kwamba bomba halijawahi kumwuliza kwa nini limetoka nene. Kitu ukikiweka kinakaa. Hakifumbi macho, na zaidi ya yote, hakina ndugu.

Hilo la ndugu alikuja kulifikiria upya alipopigiwa simu na muuguzi mmoja. Mama wa muuguzi huyo alikuwa amefariki, akaacha nyumba iliyojaa vyombo. Muuguzi ndiye mkubwa. Wadogo zake watatu walikuwa katika miji ya mbali: mwalimu, dereva wa lori, na kitinda mimba wao, msusi. Walikuwa wamekubaliana kistaarabu kwamba kila kitu kipigwe picha, picha zitumwe kwenye kundi la familia la simu, na kila mtu achague anachokitaka bila kelele. Bwana Vyombo alifurahi. Vitu vitupu, na mwenyewe hayupo wa kulalamika.

Alianza na kabati, akaja kwenye cherehani, akaja kwenye redio. Birika alilikuta kwenye dirisha la jikoni, limejaa vibanio vya nguo. Lilikuwa dogo, la kauri, weupe wake umeshageuka rangi ya chai, na kifuniko kimemeguka ukingoni. Muuguzi alimwambia aliruke tu. Lakini jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa adabu sana pale dirishani, na mwenye macho yake hawezi kuliacha hivi hivi. Akavimwaga vibanio, akalifuta, akageuzia ukutani ule upande uliomeguka, akasubiri wingu lipite. Akalipiga.

Picha zilipotumwa, kundi likawaka moto. Cherehani, nzima kabisa, haikupata mtu. Birika lilitakiwa na wote wanne. Mwalimu alisema mama alimwahidi. Dereva alisema yeye ndiye aliyelinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Msusi aliandika kwamba alipougua surua, mama alimnywesha chai ya birika lile lile na si jingine. Muuguzi naye, aliyelipita kila wiki bila kuliona, aligundua ghafla kuwa hawezi kuishi bila hilo. Wiki haikuisha, mwalimu hasemi na dereva, na dereva amejitoa kwenye kundi.

Muuguzi akampigia simu Bwana Vyombo.

"Umelipamba," alimwambia. "Njoo ulipige lilivyo, watu watulie."

Alijitetea kwamba hakulipamba, alilisubiri tu. Lakini alikwenda, na safari hii alikusudia kuharibu. Aliliweka kwenye kona yenye giza, akakielekeza mbele kile kifuniko kilichomeguka, akarudisha na vibanio. Alipochungulia kwenye kamera, moyo ukamkatalia. Akasogea kushoto kidogo, asije akajiaibisha. Akasogea tena. Akafungua pazia kidogo tu, kiasi cha mtu kuona. Picha ilipofika kwenye kundi, msusi aliona vile vibanio vya mama, akalia hadi akafunga saluni. Dereva alirudi kundini. Ugomvi ukaanza upya, sasa na machozi juu.

Mwishowe waliamua kuja. Walikaa wanne kuizunguka meza ya mama yao, birika katikati, na Bwana Vyombo aliyeitwa kama shahidi akaketi karibu na mlango, mikono mitupu kwa kuwa hakuambiwa aje na kamera. Dereva alilinyanyua, akaligeuza, akalirudisha.

"Ndilo hili?"

"Ndilo," alisema muuguzi.

"Mbona dogo?"

Mwalimu aliuliza kama hakuna jingine kabatini. Hakukuwa na jingine. Hapo wakaanza ugomvi wa namna ya pili, wa upole: chukua wewe, dada, wewe ndiye mkubwa, hapana, mpe mdogo wetu, yeye ndiye aliyeugua. Msusi akasema itakuwa dhambi kumnyang'anya kaka aliyelinunua. Dereva akakohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba akikumbuka vizuri, alichonunua yeye ilikuwa chupa ya chai.

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka wote mpaka meza ikatikisika, kisha kicheko cha msusi kikageuka kilio, na dada yake akamvuta kifuani. Katikati ya kilio msusi aliinua uso, akamtazama Bwana Vyombo moja kwa moja, na yeye hakujua aweke wapi macho. Miaka yote alisema ni pua na unene wa watu vilivyomfukuza. Lakini uso kama huu ungemfukuza hata ungekuwa haulalamiki chochote. Ulikuwa unamngoja aseme neno.

"Poleni sana," alisema hatimaye, na akashangaa kuona limetosha.

Kila mmoja aliagiza picha kubwa ya birika, ya kutundika ukutani. Birika lenyewe muuguzi alilifunga kwenye gazeti, akampa Bwana Vyombo, akisema ndiye pekee aliyewahi kulipenda.

Nyumbani, mke wake alilitazama birika, akaitazama picha, akauliza kama wana hakika ni lenyewe. Kisha akaliosha, akatengeneza chai ndani yake. Lilimimina vizuri ajabu, bila tone kuchuruzika mdomoni. Bwana Vyombo alikuwa amelichunguza kila upande, na hilo hakuwa amelijua. Akasogeza kikombe aongezwe.