Kidole cha Ezra Ogden

Alden Keyser alikuwa akikusanya picha za zamani za timu za kriketi za Philadelphia, za enzi ambazo wafumaji wa viwandani walicheza kila Jumamosi, kabla besiboli haijawateka watu. Moja alimtengenezea fremu Bi Hester Ogden. Baba yake, Ezra, alifariki Hester akiwa mchanga, na sura yake hakuwahi kuiona. Alden alikuwa amemhakikishia kuwa Ezra ni yule aliyesimama katikati.

Asubuhi ya kuja kuichukua, Bi Hester alipiga simu. "Nitamjua kwa mkono," alisema kwa furaha. "Mashine ya kufuma ilimkata kidole kabla hajaanza kucheza."

Alden alichukua lenzi. Yule wa katikati alishika gongo kwa mikono miwili. Vidole vyote vilikuwepo.

"Nimekwisha," alimwambia mkewe, Lavinia.

"Si ulisema una hakika?"

"Nilifuata gazeti la zamani lililosema Ezra alisimama katikati. Nyuso zote zina masharubu, ningejuaje?"

"Basi mwambie. Au unataka bibi wa watu alilie picha ya mgeni?"

Kengele ilipolia, Alden alikwenda kufungua. Bi Hester aliingia amevaa kofia ya kanisani. Alden alimwambia kabla hajaketi.

Kikongwe aliikazia picha macho. "Kwa hiyo ungeniacha nimbusu mume wa watu?"

"Nisamehe, Bi Hester."

"Lete hiyo lenzi."

Alikagua mkono mmoja mmoja, pua ikikaribia kugusa kioo. Kidole cha bibi kikatua kwa kijana aliyejilaza kwenye majani, mkono wake wa kushoto chini ya kofia.

"Na huyu anaficha nini?"

"Huenda hafichi kitu. Siwezi kuapa tena."

"Nani kakuomba uape? Mtazame tu masikio."

Masikio yalichomoza kama ya Bi Hester mwenyewe. Alden aliyaona, lakini alikataa kuandika jina. Alikibandua kwenye fremu kibao alichokuwa ameandika jina la Ezra, akampa picha isiyo na jina.

Mlangoni bibi alimshika mkono. "Nitafutie nyingine, mkono uonekane. Fanya haraka, mwanangu, mimi si wa kungoja."

"Nitajaribu," alisema Alden, akarudi kuichukua lenzi.