Mpunga wa Maji Chumvi

Mlio wa kinu uliingia chumbani, Mwaija akaacha uradi. Alikuwa kwenye mkeka wa eda, nyuma ya pazia, na mumewe Pazi hajatimiza arobaini kaburini.

"Wifi, mnatwanga mpunga gani?"

"Ule wa kijaruba chako cha pembeni," Fatu akajibu kutoka uani. "Kaka Mwishehe kasema uvunwe wote. Kesho hitima."

Mwaija akashtuka. Tangu vita vya Hitla alikuwa akihangaika na mpunga ule. Kila msimu maji ya bahari yalipopanda mto Ruvu na kuunguza bonde la Makurunge, yeye aliokota mbegu za mashina yaliyopona, akazipanda upya, nusu akizimwagia maji ya kisima, nusu maji chumvi, makusudi kabisa, aone zipi zitastahimili. Loo, walimcheka! Wakamwita mwehu. Hata bwana shamba alipokuja kuutazama mpunga uliosimama katikati ya chumvi, alizungumza na Pazi, akaandika jina la Pazi, na Pazi akanyamaza. Mbegu yote aliyokuwa nayo Mwaija ilikuwa kwenye kijaruba kile.

Akamwita shemeji yake. Mwishehe akaja, akasimama upande wa pili wa pazia.

"Shemeji, nakuomba, nibakizie japo kibaba. Ile ni mbegu."

"Bonde zima limeungua, umebaki huo tu. Wageni niwalishe nini, majani?"

"Ndiyo maana umebaki, shemeji! Chumvi haiuwezi. Ukiliwa huo—"

"Punguza sauti, una eda wewe. Shamba ni la ndugu yangu, na hii ni sadaka yake. Unamnyima marehemu?"

Mwenye eda hatoki, wala habishani na wanaume. Akitoka tu, watasema hakumpenda mumewe, na chumbani humo watamwondoa. Akabaki akisikiliza mchi, unashuka, unashuka, mpaka ukanyamaza.

Kesho yake, baada ya kisomo, masinia yakapelekwa barazani. Sauti za wageni zilimfikia palepale alipo.

"Wali mtamu huu, wallahi! Marehemu alijua kulima."

"Mungu amrehemu. Msimu ujao na sisi tutakuja kuomba mbegu yake."

"Njooni tu," Mwishehe akawaahidi. "Hapa ni kwenu."

Fatu akamletea sahani. "Kula, wifi yangu, upate nguvu."

Mwaija akatia mkono, akakuta chuya, punje moja ya mpunga iliyoukwepa mchi, bado ina ganda lake. Akaibonyeza. Ilikuwa imeiva, laini, bado ya moto; haingeota tena. Akaitazama sana, kisha akaifunga kwenye pindo la kanga.