Furu wa Marehemu

Marehemu Rweyemamu alimwachia mkewe Bernadetta tangi la kioo lenye furu, wale samaki wadogo wa rangirangi ambao wavuvi hawawapati tena ziwani. Joto la nyumba yao ya mtaa wa Kiseke, chini ya bati, lilipozidi, samaki wakaanza kuhema juujuu. Bernadetta akaamua kuwaundia kipoza maji kwa friji kuukuu, pampu ndogo na bomba la kupitishia maji ya tangi ndani ya friji hiyo.

"Tumia mpira, mama," alisema jirani yake Shigela, fundi friji.

"Mpira unachelewa kupoa, baba. Shaba ninayo."

Akalisugua bomba la shaba kwa limao na majivu, kama anavyosugua vinara vya kanisani kila Jumamosi, mpaka likang'aa. Akafanya ishara ya msalaba, akawasha.

Kesho yake alipotoka misa, maji yalikuwa baridi, na furu wote walielea matumbo juu.

"Shaba ni sumu kwa samaki, mama," Shigela alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe umeisugua ikabaki tupu, ikawa inayeyukia majini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mpira."

Bernadetta alitumbukiza mkono. Ilikuwa baridi ileile aliyoiombea. Akazima pampu, akatandika shati la marehemu mezani, akaanza kuwatoa.