Njaa ya Doriane

Doriane alikuwa na njaa, na kijiji kizima kilijua kosa ni la nani.

Eliane alikuwa mama yake wa kambo. Alimpokea Doriane akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, siku alipoolewa na Déo hapo Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kila mmoja akiwa ametoka Kivu ya Kusini kwa njia yake. Mama mzazi wa Doriane alizikwa njiani, kabla ya mpaka. Eliane hakujaliwa kuzaa, kwa hiyo huyu ndiye alikuwa mtoto wake. Wifi yake Mariette, aliyeuza mandazi na soda pale sokoni Misiera, hakulikubali hilo hata siku moja. "Mutoto wa Déo," ndivyo alivyomwita Doriane, hasa mbele za watu.

Mwaka ambao mgao wa chakula ulipunguzwa tena, Doriane akiwa ameanza kuwa msichana, alianza kula kwa namna isiyo ya kawaida. Alimaliza ugali wake, akakwangua sufuria, kisha akaketi akiitazama sahani ya Eliane. Eliane akawa anaisukuma kwake. Maji nayo alikunywa hivyo hivyo. Dumu lililotoka bombani asubuhi lilikuwa tupu kabla jua halijawa kali. Akaanza kukojoa kitandani, binti mkubwa vile, akawa analia kwa aibu. Na kadiri alivyokula, ndivyo alivyokonda. Mashavu yaliingia ndani. Sketi ya shule akawa anaifunga kwa kamba.

Eliane alidhani ni minyoo. Alinunua dawa ya minyoo, haikusaidia. Akauza kitenge chake cha harusi, akanunua karanga na mayai. Doriane alikula vyote, akazidi kukonda.

Bombani wanawake walianza kunyamaza kila Eliane alipofika.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mariette alikuja na bakuli la wali na sombe ya majani ya muhogo. Doriane alikula bila kuinua kichwa. Mariette alisimama mlangoni akaita majirani.

"Mukuje muone! Mutoto mwenye kushiba anakulaka hivi?"

Mwenyekiti wa kijiji akawaita wote wawili, Eliane na mtoto. Watu walijaa. Alimuuliza Doriane kwa upole, "Kwenu nyumbani, unashibaka?"

Doriane alimtazama Eliane, kisha akatazama chini.

"Nasikia njaa kila siku," alisema. "Hata nikiisha kula."

Maneno yale ya mwisho hakuna aliyeyasikia. Ya kwanza yalikuwa yamewatosha.

Déo alifanya kazi ya ujenzi huko Biharwe, karibu na mji wa Mbarara, akija nyumbani mara chache. Safari hii alifika na uso uliofungwa, maana dada yake alikuwa amekwisha kumpigia simu.

"Déo, namupatiaka mpaka chakula yangu," Eliane alimwambia. "Muulize mwenyewe."

"Niulize nini? Nimeona mifupa yake. Mifupa haina uongo."

Jioni ile ile alimchukua binti yake akampeleka kwa Mariette.

Mariette hakuwa na nia mbaya, na ni haki hilo lisemwe. Alimpenda mtoto, tena alitaka watu waone anavyompenda. Alimpikia uji wenye sukari nyingi, akampa mandazi, na kila alipolalamika kiu alimfungulia soda. "Ngojeni tu," aliwaambia wateja, "mutaona vile atanenepa." Lakini Doriane hakunenepa. Alianza kutapika. Kisha akawa hana nguvu ya kuinuka, anahema kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, na pumzi yake ikanuka kama ndizi zilizovundikwa zikapitiliza.

"Ni sumu," Mariette alisema. "Ule mwanamuke alimupa sumu kabla hajatoka." Akawaita watu wa maombi.

Habari ilimfikia Eliane akiwa shambani. Aliacha jembe chini akakimbia. Mlangoni wanawake walimzuia, na Mariette akamzaba kibao, kisha kingine. Eliane hakuinua mkono.

"Munipige," alisema. "Lakini mutoto aende kwanza hospitali. Mukingoja mumalize kunipiga, mutakuta amekufa."

Mzee Rénovat, aliyekuwa akiongoza maombi, alitoka nje akiwa ameshika Biblia. "Hii pumzi nimeisikiliza, ni ya ugonjwa," alisema. "Mupishe huyu mama."

Walimbeba mpaka zahanati. Pale walimtoboa kidole, wakaona kipimo, na papo hapo wakaita gari la wagonjwa. Njia yote ya kwenda Mbarara Eliane na Mariette walikaa, mmoja upande huu wa mtoto na mwingine upande ule.

Hospitali walimwekea dripu na sindano. Mpaka kesho yake mchana ndipo alipofungua macho akaita mama. Déo alikuwa ameshafika kutoka Biharwe, viatu vyake vikiwa bado na saruji. Muuguzi mmoja, Saudah, mwanamke wa Mbarara aliyevaa hijabu nyeupe, aliwatoa nje ya wodi.

"Mama ya mtoto ni nani?"

"Ni mimi shangazi," Mariette aliwahi kujibu. Déo hakumsahihisha.

Saudah aliwatazama wote watatu. "Hii mtoto iko na ugonjwa ya sukari. Ile inashika watoto. Chakula anakula, inageuka sukari, inaingia kwa damu. Lakini iko dawa ya mwili, insulini, inafungulia hiyo sukari mlango iingie ndani ya mwili ifanye kazi. Kwa huyu hiyo dawa imekwisha. Sasa sukari inajaa kwa damu, inatoka na mkojo, na mwili inafikiri haijakula. Inaanza kula mafuta yake yenye iliweka. Na nyama yake pia inakula. Hiyo mafuta ikiungua mingi, inaleta asidi kwa damu. Ndiyo hiyo harufu mlisikia."

Eliane alielewa mara moja. Alikuwa amewahi kusimama kwenye foleni ya mgao, akaona ghala limejaa magunia, na mtu ambaye kidole chake kimekataliwa na mashine ya alama za vidole akirudi nyumbani na mfuko mtupu.

"Kwa hiyo alikuwa anakula," Déo alisema polepole.

"Alikuwa anakula sana. Angekula chakula ya Mbarara yote, angekonda tu."

"Na soda?" Mariette aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Soda ilifanya ugonjwa iende mbio. Lakini hata bila soda, bila sindano, angefika hapa tu."

Eliane alingoja. Hakutaka wapige magoti. Neno moja lingemtosha, hata lile wanalomwambia mtu waliyemkanyaga mguu njiani. Déo aliuliza sindano zitachomwa mpaka lini. Alipoambiwa ni maisha yote, alishika kichwa. Mariette alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, hakurudi mpaka jioni.

Doriane ndiye aliyesema, Eliane alipokuwa akimnyooshea shuka.

"Mama, nilisema nasikia njaa. Sikusema haunipe."

"Najua."

"Baba anajua?"

Eliane aliendelea kunyoosha shuka.

Waliporuhusiwa, Déo alisema, "Utamuchunga weye, maana weye ndiye wamefundisha sindano." Alipanda boda akarudi Biharwe, na Eliane akarudi Nakivale na binti, na chupa ya insulini ndani ya chungu cha mchanga wenye maji, ili isiharibiwe na joto. Kijijini nao walipata maelezo yao. "Umeona?" walisema bombani. "Dawa ya ile sumu ilikuwa Mbarara."

Saudah alikuwa amemfundisha jambo moja kwa kulirudia. Sindano ikiingia lazima chakula kifuate, la sivyo sukari itashuka mpaka mtoto aanguke. Hapo ndipo uchungu mpya ulipoanzia. Zamani mwili wa Doriane ulipata chakula ukakosa dawa. Sasa dawa ilikuwepo, na chakula ndicho kilichokuwa hakitoshi. Mgao ulipokaribia kwisha kabla ya mwezi, Eliane alipika kilichobaki kwa ajili ya mmoja, yeye akanywa maji ya moto yenye chumvi. Alianza kukonda. Hakuna aliyeitisha mkutano.

Mchana mmoja walikuwa wakipalilia maharage. Doriane aliacha jembe ghafla. Jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Eliane alifungua pindo la kitenge alimofunga sukari, kama Saudah alivyomwagiza, akaikoroga ndani ya kikombe cha maji, akamkalisha chini na kumnywesha taratibu, akimwita kwa jina.

Wanawake wawili walikuwa wakipita na kuni.

"Si docteur alimukataza sukari?" mmoja alisema, bila kushusha sauti.

"Mama wa kambo," mwenzake alijibu, wakaendelea na safari.

Eliane aliwasikia. Hakugeuka. Aliitazama mikono ya Doriane, akingoja iache kutetemeka.