Vidonge vya Wifi

Miaka ya tisini, maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kuchipuka Tukuyu, Hadijah wa mtaa wa Msasani mjini humo aliletewa na wifi yake, Rukaya, kopo la vidonge vya kijani.

"Vinatibu presha, sukari na magoti," Rukaya alisema. "Vile vya hospitali acha kabisa."

Hadijah alikuwa na presha, lakini dawa moja ya kutibu yote hayo ilimtia shaka. Akaenda kumwuliza mwenye duka la dawa. Yule bwana alivisifu sana, ila Hadijah akaona makopo kama lile yamejaa kwenye rafu nyuma yake. Akashukuru, akaondoka.

Hospitalini daktari aligeuzageuza kopo. "Mama, wameandika magonjwa tu, hawakuandika kilichomo ndani. Mimi sivijui hivi vidonge. Endelea na dawa zako."

Hadijah alimwamini, maana huyu hakuwa na cha kumwuzia.

Jioni Rukaya akamwuliza, "Umeshaanza kumeza?"

"Bado. Kwanza niambie, wifi, nani anakupa hivi vidonge, nawe unapata nini?"

Rukaya aliinamia kikombe chake cha chai, akaanza kuzungumzia mvua.