Tulimwita Boi

Jumapili mchana, maduka ya chini yakiwa yamefungwa, marafiki watatu walikutana nyumbani kwa kina Nirali, ghorofa ya pili, Kariakoo, kucheza mchezo wao wa dadu na masimulizi, kila mmoja akiigiza mhusika wake. Nirali ndiye aliyeongoza. Safari hii aliwarudisha Dar ya miaka ya hamsini, enzi za mkoloni, na wote walikubaliana historia isipambwe.

Gaudens, ambaye asili yao ni Moshi na wana duka la jumla mtaa wa pili, akawa kijana wa Kilimanjaro anayetafuta kazi za ndani. Nirali akawa mama wa Kihindi mwenye nyumba.

"Kazi ipo, boi. Utakuwa na kikombe chako cha bati, kinakaa nje. Vyombo vyetu utaosha, ila kunywea humo, marufuku."

Maneno yalimtoka kwa wepesi mno. Candida, rafiki yao wa tatu, aliyeshika dadu, hakuirusha.

"Hayo umeyatunga?" Gaudens akauliza, si kwa sauti ya mchezo tena.

Tangu utotoni Nirali aliyasikia kwa bibi yake, yakisimuliwa kama kichekesho. Na bibi mwenyewe, Ba Nayna, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya bhajia.

"Ni maneno yangu," akasema. "Ndivyo tulivyosema."

"Mliyemwambia hivyo alikuwa nani, Bibi?" Gaudens akauliza.

"Alitoka kwenu, Moshi. Tulikaa naye miaka. Baba yake Nirali alijifunza kutembea akiwa amemshika kidole."

"Jina lake?"

Ba Nayna akaiweka sahani mezani. Akaketi.

"Tulimwita boi," akasema. "Sikuwahi kumuuliza." Machozi yakamtoka.

Gaudens hakufoka. Alimshika mkono, akamwambia, "Basi, Bibi, usilie," kisha akakusanya karatasi zake, akatoka. Nirali akamkimbilia ngazini.

"Gau, si tulikubaliana iwe kweli?"

"Imekuwa kweli. Babu yangu naye alifanya kazi za ndani hapa mjini. Hakuwahi kutusimulia hata neno. Leo nimejua kwa nini."

Jumapili iliyofuata hakuja, wala zile za baadaye. Wakikutana mtaani wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani, kila mtu anashika njia yake. Nirali alitunga mchezo mwingine, wa visiwa na majini wake. Candida akasema hana hamu.

"Yule kijana haji?" Ba Nayna huuliza.

"Ana kazi nyingi, Ba."

Bibi huitikia kwa kichwa, na hakuna kati yao anayeliamini jibu hilo.