Picha ya Posa ya Hilali

Ile picha niliipiga mimi, kwa mkono wangu, na nilipoulizwa nilishikilia kwamba kosa lilikuwa la mwanga.

Ilikuwa mwaka 1981, Nizwa, Omani. Miaka minane ilikuwa imepita tangu tuhame Bujumbura, mimi, kaka yangu Hilali na mama yetu, Bi Mahbouba. Baba alikuwa ameshafariki. Hilali alikuwa karani serikalini, mimi mpiga taipu, na mshahara wangu wa tatu uliishia kwenye kamera. Nilipiga kila kitu: mbuzi wa jirani, kuta zilizobomoka kule Tanuf, mama akichambua mchele na kunifukuza. Mikanda nilimpa dereva wa gari la abiria aipeleke Maskati kusafishwa, na baada ya siku kumi picha zikarudi kwenye bahasha, nyingine watu hawana vichwa.

Mama alikuwa amemtafutia Hilali mchumba. Aliitwa Shukriya, mwalimu wa skuli huko Sur, binti wa Bi Ghalia, shoga yake mama tangu usichana wao Unguja. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bi Ghalia alipoleta barua: mtoto anataka amwone huyo mtu kwanza, japo kwa picha.

"Mimi baba yenu nilimwona siku ya harusi, na sikufa," mama akasema. "Haya, Turkiya. Mpige kaka yako."

Hilali alikuwa na miaka ishirini na tisa na uso wa kadhi. Aliamini kwamba mtu anayecheka pichani ni mtu asiye na kazi. Tena alitaka apigwe pamoja na gari, na si ile Datsun yetu, ambayo ilikwenda Firq kwa fundi mara nyingi kuliko ilivyokwenda sokoni.

Fundi mwenyewe aliitwa Sinan. Kwao ni Ibra, lakini amezaliwa Tabora, na alikuwa na gereji ya mabati pale Firq. Mimi nilimjua kwa sababu kila Datsun ilipogoma nilimsindikiza Hilali. Nilibaki garini na kamera yangu. Basi, hayo tu.

Alhamisi moja alasiri tukaenda. Mbele ya gereji palikuwa na Land Cruiser nyeupe ya mteja, mpya, inang'aa. Hilali alikuwa amevaa kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kilemba cha sufi, na jambia la marehemu baba.

"Sinan, tunaomba gari dakika tano," akasema.

"Lichukue, yakhe, lakini mimi niko chini yake," sauti ya Sinan ikajibu kutoka uvunguni. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana.

"Basi kaa hukohuko. Usionekane."

Kwenye mkanda zilibaki picha tano. Ya kwanza Hilali alifumba macho. Ya pili inzi alimtua puani. Ya tatu alikuwa akimgombeza yule inzi. Ya nne nilisahau kufungua kifuniko cha lenzi, na Hilali akanigombeza mimi.

"Moja tu imebaki," nikamwambia. "Simama sawasawa. Sogea kushoto. Kushoto zaidi. Bado, bado."

"Nikisogea tena nitaingia barabarani!"

"Tayyib, hapohapo."

Ndipo Sinan alipojisukuma akatoka chini ya gari, mgongo chini, spana mkononi, oili puani, akaniangalia kinyumenyume. "Bibi Turkiya," akasema, "nishafariki huku chini au naruhusiwa kutoka?" Na akacheka.

Nikapiga.

Picha ziliporudi, Hilali alizitazama moja moja. Ile ya mwisho aliipenda, kwa kuwa macho yako wazi na jambia linaonekana lote. Fundi pale pichani alimwona, ila kwa Hilali fundi aliye chini ya gari ni sehemu ya gari. Mama aliitazama bila miwani akasema, "Mashallah, gari limetoka vizuri." Ikatiwa kwenye bahasha pamoja na kilo mbili za halua, ikaenda Sur.

Majibu yalichukua wiki tatu. Mama aliisoma barua kwa sauti, kwa vile Bi Ghalia aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na sisi wawili tulikuwa wazito kuzisoma.

"'Picha tumeipata, na Shukriya amefurahi. Kijana tumempenda, ana uso wa bashasha, na mtu asiyeona haya kushika kazi kwa mkono wake ni mtu wa kheri. Msalimie pia huyo mzee aliyesimama pembeni. Ni ami yake?'"

Hilali aliweka kikombe cha kahawa chini polepole.

"Mzee gani?" akauliza.

Mama, miwani ya kusomea barua bado machoni, alikwenda kuchukua nakala ya picha tuliyobaki nayo, akakaa dirishani. Kwa mara ya kwanza aliitazama hasa. Katikati, penye mwanga wote, alikuwa fundi wa Firq, meno nje, mzuri kama siku ya Idi. Ukingoni kabisa, nusu bega limekatwa, alisimama mwanawe amenuna.

"Turkiya," akasema. "Njoo hapa. Kwa nini kaka yako yuko pembeni?"

"Mwanga, mama. Pale katikati jua lilikuwa kali."

"Niletee lile boksi lako la picha."

Nilijua nimekwisha. Mama alizimwaga picha zote mkekani, akaanza kuzipanga kama anayepanga karata. Sinan anafungua boneti. Sinan anakunywa chai. Mikono ya Sinan. Sinan amesinzia juu ya tairi. Na picha saba, nilizihesabu naye, za viatu vinavyochomoza chini ya magari mbalimbali.

"Hivi viatu unapigia nini?"

"Mwanga tu, mama. Ulinivutia."

"Huo mwanga uko uvunguni mwa gari?"

Hilali alikuja kuchungulia, akatazama boksi, akanitazama mimi. Nilitegemea angepiga kelele. Badala yake alikaa mkekani kwa unyonge akasema, "Yaani mimi nimesogezwa kushoto kwa sababu hii?"

Nikalia. Wallahi nililia kwa aibu, na katikati ya kilio kicheko kikanitoka, na mama naye akaficha mdomo kwa upindo wa leso.

Asubuhi yake mama alivaa buibui lake akamwambia Hilali ampeleke Firq. Mimi nilikatazwa kwenda, kwa hiyo haya nayasema kama Hilali alivyoyasimulia. Sinan alipomwona bibi wa makamo akishuka kwenye Datsun alidhani ni lawama, akakimbilia boneti.

"Shikamoo, bibi. Ni ile kabureta tena?"

"Marahaba. Liache gari. Una mama?"

"Ninaye. Yuko Ibra."

"Mwambie aje kwangu."

"Kwa habari ya kabureta?"

"Mwanangu," mama akasema, "umepigwa picha thelathini na moja na binti yangu. Mwambie mama yako aje."

Hilali anasema Sinan alikaa juu ya betri ya gari.

Ikabaki Sur. Mama alitaka kuandika barua ya kuomba radhi, lakini Hilali alikataa. Alisema atakwenda mwenyewe, wamwone kama si mzee. Alichukua siku nzima kwenye barabara ya vumbi, madirisha ya Datsun hayafungi, na alipobisha kwa Bi Ghalia alikuwa mweupe kuanzia kilemba mpaka kope. Bi Ghalia alifungua mlango kidogo, akamtazama, akasema, "Alhamdulillah, umekuja! Pampu iko uani. Tangu jana tunakungoja."

Kaka yangu, karani wa serikali, hakuthubutu kusema yeye ni nani. Alikwenda uani akaishika pampu asiyoijua mbele wala nyuma. Alizungusha kitu, bomba likafyatuka, maji yakampiga usoni, kilemba kikaelea. Alisimama pale anachuruzika, na kwa sababu hapakuwa na la kufanya, akacheka. Nyuma ya pazia mtu mwingine naye akacheka.

Fundi mwenyewe wa pampu alipofika, ndipo Hilali alipojitambulisha. Bi Ghalia aliona haya mpaka akachinja mbuzi. Shukriya hakusema ndiyo siku ile. Alisema atafikiri, akafikiri miezi minne, na kila wiki Hilali aliniuliza mimi, ambaye alikuwa bado amenikasirikia, kama barua imekuja.

Ilipokuja, mimi nilikuwa nimeshaolewa. Hilali alinijia mpaka Firq kunipa habari njema, hakupiga hodi wala hakutoa salamu, akanikumbatia mbele ya mafundi wote.